Sufuria ya Senge na Gesi Iliyokataa Kupoa

Harufu ya matumbo ya ng'ombe haitoki kwenye sweta. Yangu niliifua kwa sabuni ya kipande, nikaisuuza mara tatu, nikaikamulia limau kama nilivyoshauriwa na jirani, na bado nilipoingia darasani msichana aliyeketi karibu nami alinyanyuka akahamia safu ya nyuma. Hakusema kitu. Angesema ningemjibu, maana mdomo ninao, lakini alinyamaza tu na kujipepea kwa daftari, na mtu anayejipepea utamjibu nini.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu nikisomea fizikia, na nilikuwa nikiishi Kambi Muru, Kibera, kwa shangazi yangu. Kwetu Magharibi dada ya baba huitwa Senge, na hilo ndilo jina pekee nililowahi kumwita. Chumba kilikuwa kimoja, ukuta wa udongo, pazia katikati. Upande mmoja kilikaa kitanda chake, upande wa pili godoro langu na vitabu vyangu juu ya kreti ya soda. Mbele ya mlango ulipita mtaro, na ndani ya mtaro vilipita vitu ambavyo sitaviandika, ingawa nimejiahidi kuandika kila kitu. Watu huandika kuhusu Kibera kwa huruma. Mimi huruma sikuwa nayo. Nilikuwa na kinyaa, asubuhi hadi jioni, na nilikibeba kinyaa changu kama mtu abebavyo cheti cha shule, nikiamini ndicho kilichonitofautisha na majirani.

Senge aliuza supu ya matumbo. Kwa miaka kumi na moja aliiuza kando ya njia pale kijiji cha Raila, humo humo Kibera, chini ya karatasi ya nailoni, kwa watu wanaopita wakienda na kutoka kazini. Matumbo yenyewe aliyaosha kwenye beseni nje ya mlango wetu, na kazi ya kumsaidia kuyakwangua ilikuwa yangu. Maji ya kwanza yalitoka ya kijani, ya pili ya kahawia, ya tatu ya rangi isiyo na jina. Nilifanya kazi hiyo nimegeuza uso, nimefunga leso puani, nikihema kwa mdomo. Senge alinitazama akacheka.

"Msomi," aliniambia, "hicho unachokiogopa ndicho kimekuweka shule."

Nilijua. Ndiyo maana nilikichukia zaidi.

Lakini kilichoniudhi kuliko kuosha ni jinsi alivyopika. Sufuria yake ilikuwa kubwa ya kutosha kumwogesha mtoto, na aliijaza mpaka ukingoni, si chini ya ukingo kidogo kama watu wenye akili zao, mpaka ukingoni kabisa. Aliibandika juu ya jiko lililokatwa kutoka kwenye pipa, akawasha makaa, akaenda zake. Supu ilichemka, ikapanda, ikamwagika. Povu la kijivu lilitambaa ubavuni likaanguka juu ya makaa kwa mlio wa kukaanga, na moshi wa mafuta yaliyoungua ukaingia katika kila nguo ndani ya nyumba. Baadaye ilitulia. Baadaye tena ikapanda, ikamwagika. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake siku nzima, alfajiri mlangoni kwetu, kisha pale Raila ilikohamishiwa na jiko lake. Chini ya jiko palikuwa na tope la majivu na mafuta, gumu juu na laini ndani, na nzi walilipenda. Nilimwambia Senge mara nyingi kwamba huo ni uvivu. Alinijibu kwamba uvivu ni kukaa na vitabu ukingoja chakula kiive.

Mwaka huo alipata bahati, au tuseme bahati ilimchungulia. Mtu wa kijijini kwetu alikuwa nyapara kwenye mjengo mmoja Kawangware, ghorofa ya vyumba vya kupangisha iliyokuwa ndiyo kwanza inachimbwa msingi. Nyapara huyo hakutaka vibanda vya chakula vijipange mbele ya geti lake. Alisema mama mmoja tu ndiye atakayeruhusiwa kuwalisha mafundi na vibarua, kuanzia msingi mpaka paa. Wanawake wawili walikuwa wakiitaka nafasi hiyo: Senge na supu yake, na mama mmoja wa pale pale Kawangware aliyepika githeri ya mahindi na maharagwe. Wote wawili wangepika kwa wiki moja, na Ijumaa nyapara angechagua.

Senge alikodi kibanda cha mabati ng'ambo ya geti. Kilikuwa na paa, kilikuwa na benchi, na matumbo yalipatikana karibu, kwenye vichinjio vya Dagoretti. Siku tuliyosukuma sufuria kwa mkokoteni kutoka Kibera hadi kule, alitembea mbele yake akiwaondoa watu njiani. Goti lake la kulia lilikuwa limeanza kuvimba kwa kuchuchumaa kwenye matope ya Raila. Aliingia kibandani, akakaa kwenye benchi, akainyoosha ile miguu.

"Nikipata hapa," alisema, "nimepumzika."

Wiki hiyo hatukuwa na masomo chuoni kwa sababu Jumatatu iliyofuata zilianza semina za mwaka wa mwisho. Kila mmoja wetu angesimama mbele ya walimu watatu na kueleza utafiti wake. Kwa hiyo niliandamana na Senge kila asubuhi kwa miguu mpaka Kawangware, nikakaa pembeni na makaratasi yangu.

Kazi yangu ilihusu makundi ya galaksi. Galaksi ni mji wa nyota, na miji hiyo hukaa kwa makundi, mamia kwa pamoja, ikishikiliana kwa nguvu ya uvutano. Watu hudhani kwamba kati ya galaksi moja na nyingine hakuna kitu. Kipo. Kuna gesi nyepesi mno, hafifu kuliko utupu wowote tunaoweza kuutengeneza maabara, lakini ya moto wa makumi ya mamilioni ya nyuzi, moto kiasi kwamba inang'aa kwa miale ya eksirei, ile ile unayopigwa hospitalini ukivunjika mguu. Na kwa vile imetapakaa kila mahali, ukiikusanya yote ina uzito mkubwa kuliko nyota zote za galaksi zilizozama ndani yake.

Sasa, kitu kinachong'aa kinapoteza joto. Katikati ya kundi, mahali gesi imesongamana, inang'aa zaidi, kwa hiyo inapaswa kupoa upesi zaidi. Ikipoa inalegea, ile ya nje inaikandamiza, nayo inazama polepole kuelekea galaksi kubwa inayokaa pale katikati. Hesabu yake ilikuwa nyepesi na nilikuwa nimeipiga vizuri. Gesi ipoe, ianguke, igeuke nyota. Nyota mpya kwa wingi kila mwaka, kwa mabilioni ya miaka. Niliipenda nadharia hiyo kwa sababu ilikuwa safi. Hakukuwa na kitu kinachomwagika.

Tatizo lilikuwa moja. Ukitazama pale katikati, nyota hizo hazipo. Zipo chache, za kuokoteza. Katika kurasa zangu ishirini na tatu, jambo hilo nililigusia kwa sentensi moja ya woga mwishoni, kwamba labda nyota zenyewe ni ndogo mno hazionekani. Mwalimu wangu, mzee mpole mwenye koti lililojaa vumbi la chaki, alikuwa amesoma rasimu yangu na kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu: nyota ziko wapi? Nilimchukia kwa swali hilo. Nilimchukia hata na koti lake.

Alikuwa amenipa picha mbili kutoka kwenye majarida yake, za kundi moja la galaksi, zimechorwa kwa kipimo kimoja. Ya kwanza ilikuwa ya eksirei, ikionyesha ile gesi inavyong'aa. Ya pili ilipigwa kwa darubini za redio, zile zenye madishi makubwa, na ilionyesha galaksi ya katikati ikitoa mikondo miwili, mmoja huku mmoja kule, kila mmoja ukivimba mwishoni. Nilizitoa fotokopi Kawangware, karibu na steji ya matatu, kwa kijana mwenye mashine ambayo kioo chake hakikuwa kimepanguswa tangu inunuliwe. Majarida nikayarudisha kwa mwalimu. Nilipoziangalia fotokopi vizuri niliona kwenye picha ya gesi mabaka mawili meusi, moja kila upande wa katikati. Nilirudi kwa yule kijana nikamwambia mashine yake ni chafu kama choo cha ploti ya wapangaji. Alinitazama, akapangusa kioo kwa kiwiko, akaniuliza kama nataka nyingine. Sikutaka. Niliyahesabu yale mabaka kuwa uchafu wa Nairobi kama uchafu mwingine wote, na katika hesabu zangu nikayaruka.

Ijumaa ilifika. Mpaka siku hiyo Senge alikuwa anaongoza, na kila mtu pale mjengoni alijua. Vibarua walikuwa wakimwita mama kwa sauti ya watu wanaotaka kuongezewa. Asubuhi aliijaza sufuria mpaka ukingoni kama kawaida yake, akawasha makaa, akajifunga leso kiunoni tayari kwenda Dagoretti kupanga foleni ya matumbo ya Jumamosi. Saa tatu alikuwa mlangoni.

"Usiiguse," aliniambia. "Ikitema, wacha iteme. Mimi nitarudi kabla watu hawajatoka."

Watu walitoka kula saa saba. Nilikuwa na saa nne za amani na kurasa zangu, au hivyo ndivyo nilivyodhani.

Haikupita nusu saa ikaanza. Povu lilipanda, likaning'inia ukingoni, likashuka. Makaa yalilia. Moshi ule mzito wa mafuta ukanijia usoni, nikahamisha kigoda, ukanifuata. Kisha kiputo kimoja kikubwa kilipanda kutoka chini ya matumbo, kikapasuka juu, na supu ikaruka mpaka kwenye mapaja yangu. Ilitua juu ya fotokopi mbili zilizokuwa zimelaliana. Mafuta yakasambaa kwenye karatasi mbele ya macho yangu. Hasira ilinipanda. Semina Jumatatu, na mimi nanuka utumbo, na hata galaksi zangu sasa zinanuka utumbo.

Nilichukua upawa. Nilichota supu ya juu na povu lake lote nikamimina kwenye beseni, mpaka sufuria ikashuka karibu shubiri nzima chini ya ukingo. Kisha kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza usafi, nilichuchumaa nikalikwangua tope la majivu lililokuwa limeshajikusanya hapo pia chini ya jiko, lote, nikalitupa. Nikafungua mlango wa jiko hewa ipite. Makaa yakashika vizuri, mekundu, bila moshi. Sufuria ikachemka kimya, haitemi hata tone. Niliisimamia nikaitazama nikajisikia nimemstaarabisha mtu. Nikajipaka dawa ya mafua chini ya pua, ile ya kuwashawasha, nikafunga leso juu yake, nikahamia nyuma ya kibanda upande ambao upepo unatokea. Nikarudi kwa hesabu zangu za kupoa kwa gesi.

Sikusikia harufu yoyote. Nilikuwa nimehakikisha.

Senge aliisikia kutoka barabarani. Saa sita na nusu nilimwona anakuja na gunia mgongoni, na kabla hajafika alilitua chini, kitu ambacho hakuwahi kufanya kwa sababu ya mbwa, akakimbia na lile goti lake. Aliinamia sufuria. Supu ilikuwa imekauka mpaka katikati, na matumbo ya chini yalikuwa yameshikana na chuma, meusi. Aliipua, akahamishia ya juu kwenye sufuria nyingine, akaongeza maji, kitunguu, pilipili, tangawizi yote aliyokuwa nayo. Alionja. Akaongeza chumvi. Alionja tena, na safari hii hakuongeza chochote.

Saa saba watu wakatoka. Nyapara ndiye aliyekuwa akipewa bakuli la kwanza. Alilipokea amesimama, akavuta funda moja, akalikalisha mdomoni. Kisha alilitema kando ya buti lake, kwa adabu, akiwa amegeuka.

"Mama," alisema, "hii imeungua."

Alimrudishia bakuli mikononi mwake. Vibarua waliokuwa wamejipanga nyuma yake walisita, mmoja akavuka kwenda kwa mama wa githeri, halafu wawili, halafu wote. Nilisimama pale na leso puani. Kabla ya saa za kazi kuisha nyapara alikuwa ameshatuma neno kwamba nafasi imepata mwenyewe, na kwamba kibanda cha Senge kisionekane pale Jumatatu.

Tulirudi Kambi Muru nyuma ya mkokoteni ule ule. Njia nzima nilikuwa nikitengeneza maneno ya kujitetea, na niliyaona yote yananuka.

Jumamosi asubuhi nilikaa kando ya mtaro na sufuria, mchanga na majivu, nikisugua. Senge aliketi kwenye kigoda akinitazama, mguu wa kulia ameunyoosha. Aliniuliza kwa nini niliipunguza ile supu. Nilimwambia ilikuwa inamwagika.

"Kumwagika ndiyo kazi yake," alisema. Hakupandisha sauti. "Moto ukizidi, supu inapanda, inamwagikia makaa, yanapoa. Makaa yakipoa, supu inashuka, moto unashika tena. Inajichunga yenyewe. Ndiyo maana naendanga Dagoretti bila wasiwasi. Na hilo jivu uliondoa ndilo linashikanga moto usikimbie. Wewe ulidhani ni uchafu?"

Ndiyo, nilidhani ni uchafu. Niliendelea kusugua. Alikuwa amepika hivyo kwa miaka kumi na moja, na mimi niliyekuwa nikilala mita mbili kutoka kwenye jiko hilo sikuwahi kumuuliza sababu.

Jumapili alikwenda kanisani. Nilizitoa zile fotokopi nizitupe, zilikuwa zimekauka na kukakamaa kwa mafuta. Karatasi iliyolowa mafuta hupitisha mwanga, kila mtu aliyefungiwa mandazi kwa gazeti anajua. Nilizinyanyua kuelekea dirishani zikiwa zimeshikana, picha juu ya picha, na nikaiona ya redio kupitia ya eksirei. Ile mikondo miwili ilitoka katikati na kuvimba, na kila uvimbe ulikaa sawasawa ndani ya baka moja jeusi. Kushoto ndani ya la kushoto. Kulia ndani ya la kulia. Yule kijana wa mashine hakuwa na kosa. Yale mabaka yalikuwa mashimo ndani ya gesi yenyewe, na kilichoyachimba ndicho hicho kilichokuwa kikionekana kwa redio.

Niliketi kwenye godoro. Mambo yote yalikuja kwa mpigo, na yalikuja kwa sauti ya Senge. Gesi inapoa na kuzama, kweli, lakini katikati ya ile galaksi kubwa kuna shimo jeusi, si kama yale mabaka bali kitu kizito kiasi kwamba hata mwanga haukiponyoki, na shimo jeusi halimezi kwa adabu. Kidogo kinachofika mdomoni mwake kinageuka nguvu, na linaitema kwa mikondo miwili inayokwenda karibu na kasi ya mwanga. Mikondo hiyo inagonga gesi ya moto, inaisukuma pembeni, inapuliza viputo vikubwa kuliko galaksi. Viputo ni vyepesi kuliko gesi iliyovizunguka, kwa hiyo vinapanda, kama kile kilichopanda kutoka chini ya matumbo. Vinapopanda vinainua gesi iliyokuwa chini, gesi nyingine inakimbilia kuziba nyuma yake, kunakuwa na msukosuko na mawimbi kama ya sauti, na msukosuko ukitulia huacha joto. Gesi iliyopata joto haianguki tena kwa wingi. Shimo linakosa chakula, mikondo inanyong'onyea, gesi inaanza kupoa upya, inaanguka, na baada ya mamilioni ya miaka linatema tena. Kwa Senge supu ikizidi moto inazima jiko. Kule gesi ikipoa inawasha jiko. Ni desturi ile ile imeanzia upande mwingine. Nyota hazipo kwa sababu gesi haikupata nafasi ya kupoa. Inajichunga yenyewe.

Sikuwa wa kwanza duniani kuwaza hivyo, nilikuja kujua baadaye. Wengine walikuwa wameshaandika, na miaka michache mbele setilaiti mpya zilipiga picha safi zilizoonyesha viputo hivyo waziwazi katika kundi baada ya kundi. Jinsi hasa joto linavyosambaa bado wanabishana, kama ni mawimbi au msukosuko au vyote. Lakini mimi sikuwa nimeyasoma hayo. Nilikuwa nimeyapata kwenye jiko. Kufikia Senge anarudi kutoka kanisani nilikuwa nimechana kurasa nane na kuziandika upya.

Jumatatu nilisimama mbele ya walimu watatu na wanafunzi wenzangu, na sweta ile ile. Nilieleza. Nilichora mikondo ubaoni, nikachora viputo, nikaeleza jinsi kupoa kunavyowasha na joto linavyozima. Mwalimu wangu aliinama mbele kwenye kiti chake nilipomaliza.

"Hili la gesi kujichunga yenyewe," aliuliza, "umelitoa wapi? Halikuwa kwenye karatasi nilizokupa."

Ilikuwa rahisi. Ilihitaji sentensi moja. Lakini niliangalia darasani nikamwona yule msichana safu ya nyuma, daftari mkononi, na nikamsikia jamaa mmoja karibu na dirisha akimnong'oneza mwenzake, "Buda, nani amekuja na supu?" Wakacheka chini chini.

"Nililifikiria nikiwa maktaba, sir," nilisema.

Aliandika kitu. Kisha akaziinua fotokopi zangu kwa ncha za vidole, akazigeuza, akauliza mafuta haya ni ya nini. Nikamwambia nilikuwa nikila chipsi. Watu walicheka, kicheko kizuri, cha kirafiki, kwa sababu chipsi ni chakula cha mtu wa mjini. Hata mafuta ya Senge niliyakana. Nimewahi kuchukizwa na mengi maishani, mtaro wa Kambi Muru, maji ya kijani ya kwanza, nzi wa lile jivu, lakini sijawahi kuchukizwa na kitu kama nilivyochukizwa na mdomo wangu mwenyewe pale ubaoni ukitabasamu.

Walinipa alama za juu. Jioni nilimkuta Senge pale pale Raila, chini ya nailoni yake, amechuchumaa kwenye matope. Sufuria ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Aliniuliza kama nilipita, nikamwambia nilipita vizuri sana. Kisha nikamweleza habari ya gesi na shimo na viputo, kwa maneno ya kawaida, na alielewa upesi kuliko wenzangu wa darasa. Alikuwa akisikiliza huku akiitazama supu ikipanda.

"Uliwaambia ni sufuria yangu?" aliuliza.

"Niliwaambia, Senge."

"Wakasema?"

"Walisema hiyo ni akili."

Povu lilifika ukingoni, likamwagika, makaa yakalia. Senge alipangusa mikono kwa leso yake, akakaa vizuri, akaunyoosha mguu wake mbovu.

"Basi Kawangware haikwenda bure," alisema.

Aliuza supu pale miaka mingine mingi. Mteja mgeni akilalamika kwamba sufuria inamwagika, alimwambia asiidharau, sufuria hii inajulikana chuo kikuu, wasomi waliipigia makofi. Kisha alinigeukia nithibitishe. Nami, kila mara, nilithibitisha.